Maziwa ya Ng'ombe wa Mahari

Mnaniambia nipunguze hasira. Hasira hasara, mnasema. Haya, hasara ni yangu, niachieni. Nitawaeleza habari za Kwandu binti Luhende, halafu mmoja wenu aniambie mimi Flora nilitakiwa kucheka sehemu gani.

Kwandu ni mwenzangu kazini. Tuko maabara ya chuo kimoja kidogo cha mifugo hapa Bariadi, jina lake msinitafutie. Mimi ni mtu wa Lamadi, nimekulia kwenye dagaa na sangara. Yeye ni wa Kasoli, mtoto wa ng'ombe na pamba. Kutwa tunataniana. Namwambia, "Nyie watu wa ng'ombe, mtu na ng'ombe wakizama pamoja mnamwokoa ng'ombe kwanza." Ananijibu, "Na nyie mngewavua wote wawili mkawauza kwa kilo." Ni mfupi, mkimya mpaka anakera. Kilemba anakifunga kama anakwenda kupigana, halafu hapigani na mtu. Mimi ndiye ninayepigana kwa niaba yake.

Marehemu baba yake, mzee Luhende, alikuwa anatengeneza ngozi. Analoweka ngozi kwenye pipa la chokaa na dawa nyingine kali inayonuka mayai viza, ili manyoya yatoke. Miaka yote hiyo mikono mitupu. Glavu angepewa na nani? Vidole vikapasuka, kucha zikamtoka, mwisho mzee akawa anakula ugali kwa kijiko. Mnajua maana yake? Mzee mzima yuko msibani, wenzake wanamega kwenye sinia moja, yeye anachomoa kijiko mfukoni. Akaacha kwenda misibani. Akafa hivyo hivyo, anaificha mikono yake. Siku za mwisho aliyekuwa anamlisha ni Kwandu.

Sasa siku moja Kwandu yuko Kasoli, anapita nyuma ya machinjio, akaona ngozi imetupwa kwenye tope. Akaivuta. Ngozi ikaja, manyoya yakabaki kwenye tope. Yametoka yenyewe, bila chokaa, bila dawa. Mtu mwingine angeziba pua akaenda zake. Yeye akachota lile tope kwenye kichupa, akaja nalo kazini.

Ngoja niwaeleze, maana msipoelewa hapa hamtaelewa kwa nini nimekasirika. Bakteria hana mdomo. Akitaka kula anatoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vinakata chakula vipande vipande, halafu anakifyonza. Kuna vimeng'enya vinavyokata protini, na unywele kwenye ngozi umeshikwa na protini. Ukimpata bakteria anayetoa vimeng'enya hivyo kwa wingi, unamfuga, unavichukua, unalowekea ngozi, na hakuna mtu anayepoteza kucha. Hilo tu ndilo Kwandu alilokuwa anatafuta.

Na anatafutwa kwa maziwa. Unachanganya maziwa yaliyoenguliwa mafuta na agari, unga fulani wa mwani unaogandisha, unachemsha kwa mvuke, unamimina kwenye visahani, yanaganda meupe pee. Juu yake unapanda bakteria. Ukirudi kesho, aliye na vimeng'enya vya protini amekula maziwa yaliyomzunguka na weupe umeondoka, umebaki mduara unaoona kupitia kama dirisha. Asiye navyo amekaa tu juu ya weupe wake kama mgeni asiyekaribishwa. Kwandu alipanda lile tope, akachagua, akapanda tena, akachagua tena, mpaka akampata mmoja ambaye mduara wake ulikuwa mpana kuliko wa wote. Nikampa jina mimi: Mnyoaji.

Mnyoaji tukamkuza kwenye supu yake, kwenye chupa. Supu lazima itikiswe ili apate hewa, na mashine ya kutikisa ilikuwa mbovu tangu sijaajiriwa, kwa hiyo tulitikisa kwa mikono, kwa zamu, huku tunasengenya watu. Halafu unazungusha ile supu kwenye mashine kwa kasi, bakteria wanashuka chini, juu panabaki maji ya rangi ya chai ya rangi. Humo ndimo vimeng'enya vilimo. Tukaloweka kipande cha ngozi. Kingine tukakiloweka kwenye maji yale yale lakini yaliyochemshwa sana, kwa sababu kimeng'enya kikipikwa kinakufa. Kesho yake kipande cha kwanza Kwandu alikipitishia dole gumba, manyoya yakaja yote. Cha pili hata unywele mmoja haukutikisika. Alitazama dole gumba lake, na kucha yake nzima, akaanza kulia. Nami nikalia, halafu nikamwambia anyamaze, watu watadhani tumefukuzwa.

Kumbe kufukuzwa kwenyewe kulikuwa njiani. Mkuu wetu wa idara, Bwana Mahona, alikuwa anakitamani chumba chetu. Anataka kiwe chumba chake cha mikutano, chenye mapazia na kiti cha kuzunguka. Loo! Mtu ambaye mikutano yake yote ni ya kutuambia tupunguze matumizi ya sabuni. Wakaja wakaguzi kutoka makao makuu kuangalia vyumba vipi vinafanya kazi ya maana na vipi vifungwe. Mahona akawanong'oneza kwamba sisi tunachezea matope. Kiongozi wao, mama mmoja wa miwani, akasema vizuri tu: "Pandeni huyo bakteria mbele yetu. Kesho tutakuja kumwona. Akifanya kazi, chumba ni chenu. Asipofanya, tutafunga." Na chumba kikifungwa, friji inaondoka, Mnyoaji anakufa, kazi yote inarudi kwenye tope la Kasoli.

Hapo ndipo alipoingia Deogratias.

Deo ni mdogo wake Kwandu. Kwandu alipoolewa, watu wa Lagangabilili walileta ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao wakaenda kwa Deo. Ndio aliowatoa kuwa mahari ya mkewe, Jenipha. Akabaki na mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye akazaa na kuzaa, na leo Deo ana biashara ya maziwa mjini, mpaka kantini ya chuo. Kwao, kaka aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake ana deni la heshima lisilokwisha. Mtoto wake wa kwanza, binti, amempa jina la shangazi: Kwandu. Na yule mweusi akikamuliwa, dada lazima apelekewe. Dada akikataa maziwa ya ng'ombe wa mahari yake, ni kama amewakana.

Asubuhi ya kutengeneza visahani Deo akaja na galoni.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka, Deo."

"Nimesikia una wageni wakubwa. Nimekuletea ya mweusi wako. Wafanyie kwa maziwa ya kwenu, wasije wakasema umesaidiwa na kopo la dukani."

Maziwa ya kopo tulikuwa nayo kabatini. Siku zote tulitumia hayo, maana ni yale yale kila siku. Nikamkonyeza Kwandu. Nikamkanyaga mguu kabisa. Akapokea galoni kwa mikono miwili. "Wabeja sana, mdogo wangu." Deo alipoondoka nikamwambia, "Wewe, jaribio halibadilishwi siku ya wageni!" Akasema, "Flora, kwenu ukimkataa samaki umemkataa samaki. Kwetu siwezi." Nikasonya nikaenda kuosha vyombo.

Tukaengua mafuta, tukachemsha, tukamimina. Visahani vikatoka vyeupe, vizuri kuliko vya kopo. Wakaguzi wakaja, Kwandu akampanda Mnyoaji mbele yao, wakaondoka.

Kesho yake wakaja kuangalia. Visahani vyeupe. Vyote. Hakuna mduara, hakuna hata Mnyoaji mwenyewe. Kwandu akavinyanyua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirishani.

Mahona akacheka kwa puani. "Sasa hapa tunaangalia nini, maziwa mgando?" Wakaguzi wengine wawili wakatabasamu kwa adabu. Yule mama wa miwani hakutabasamu, akasema tu, "Tunakwenda kukagua vituo vingine. Tutapita hapa siku ya kuondoka. Mkiwa na maelezo, tutayasikiliza." Mahona akaanza kupima ukuta kwa hatua zake, hapo hapo, sisi tumesimama! Nikamwambia, "Bwana Mahona, marehemu bado hajazikwa, umeshaanza kugawa nguo?" Akaniambia nichunge ulimi. Ulimi wangu huu nimeuchunga tangu shule ya msingi, na ndiyo maana mpaka leo anayo meno yake.

Walipotoka nikampasukia Kwandu. Nilimwambia yote: mlegevu, mtumwa wa galoni, umeuza mikono ya baba yako kwa heshima za ng'ombe. Naam, nilisema hayo. Alikwenda kwenye friji, akatoa yale maji ya rangi ya chai ya rangi, maji ya vimeng'enya vya wiki iliyopita, akatoboa vishimo kwenye kisahani cha maziwa ya Deo ambacho hatukukitumia, akayatia matone. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nauliza ni nani aliyekataa kazi."

Baada ya saa kadhaa kuzunguka vile vishimo pakawa na miduara. Wazi kabisa. Nikakaa kwenye kiti.

Mnaona? Kimeng'enya kilikuwa kinayakata yale maziwa vizuri tu. Kwa hiyo maziwa yanakatika. Aliyeshindwa ni bakteria mwenyewe: hakuota. Kitu ndani ya maziwa kilimzuia asiishi. Tukampanda Mnyoaji upya kwenye maziwa ya kopo, kisahani kizima, kila pembe, na katikati tukaweka kikaratasi kilicholoweshwa maziwa ya Deo. Kesho yake kisahani chote kilikuwa wazi kama dirisha, isipokuwa katikati. Kuzunguka kile kikaratasi maziwa yalibaki meupe, kama jicho linatutazama. Mnyoaji alifika pale akasimama.

"Antibayotiki," akasema Kwandu, taratibu, kama anataja ugonjwa wa mtu wa nyumbani.

Tukamwita Deo. Akaja na kofia mkononi. Kwandu akamuuliza moja kwa moja kama yule mweusi aliugua.

"Kiwele kilivimba, dada. Nikampiga dawa, ile ya kusukuma kwenye chuchu. Amepona sasa."

"Walikuambiaje kuhusu maziwa?"

Deo akaitazama kofia yake. "Walisema yamwagwe siku kadhaa mpaka dawa itoke."

"Ukamwaga?"

"Dada! Maziwa hayamwagwi. Unamjua baba. Alimchapa mama mdogo kwa kumwaga kibuyu. Niliyachemsha, nikayachemsha sana."

"Dawa ile haiondoki kwa kuchemshwa. Sisi wenyewe tuliyapika kwa mvuke, bado imo. Mengine ulipeleka wapi?"

"Kantini. Na kwa wateja."

"Na mwanao?"

"Kwandu anakunywa kikombe kila asubuhi," akasema, tena kwa fahari, jamani, kwa fahari! "Ndiyo maana ananenepa."

Hapo mimi nilishindwa. Nilimwambia, wewe mwanamume, unamnywesha mtoto dawa ya kiwele cha ng'ombe kidogo kidogo kila siku, unawafundisha wadudu wa tumboni mwake kuizoea, siku akiugua kweli akipewa dawa ya jamii hiyo hiyo wadudu watamcheka daktari! Hukutaka kumwaga maziwa, ukaona afadhali umwage mtoto? Kikulacho ki nguoni mwako, na kingine kinakuja na galoni kinasema mwangaluka! Kwandu akanishika mkono. Nikauchomoa mkono wangu.

Deo akamsogelea dada yake. Sauti ikashuka. "Dada, wakaguzi waambie yalikuwa yamechacha. Neno moja tu. Chumba chako utakipata, na mimi watu hawatanikimbia. Undugu ni kufaana."

Alijua anachosema. Ukisema yamechacha, nani ataumia? Chumba kinapona, ndugu anapona, Mahona anakosa mapazia yake. Kwa mara ya kwanza niliona Kwandu anaitaka njia rahisi. Niliiona usoni mwake, anaitamani. Akamwambia Deo aende nyumbani, na yule mtoto asipewe maziwa hayo tena. Kuhusu wakaguzi hakusema kitu.

Siku ya wakaguzi kuondoka, Deo alikuwepo. Alikuwa ameleta maziwa kantini, akasimama mlangoni kwetu, ananyoosha shingo. Mahona naye ameingia na kikombe chake cha chai ya maziwa, anakunywa kwa sauti, amekuja kutazama mazishi. Kwandu akapanga visahani vitatu mezani: cha maziwa ya kopo chenye mduara mpana, cha maziwa ya Deo cheupe, na kile chenye jicho.

Yule mama wa miwani akainama, akavitazama muda mrefu. "Huyu bakteria anafanya kazi," akasema. "Na anafanya kazi nzuri. Sasa haya maziwa ya pili yana nini?"

Deo akakohoa mlangoni. Nikamtazama Kwandu. Akakaza fundo la kilemba.

"Yana dawa ya kiwele," akasema. "Yametoka kwa ng'ombe wa mahari yangu. Anafugwa na mdogo wangu Deogratias, huyo mlangoni. Ng'ombe alitibiwa na maziwa hayakumwagwa. Ndiyo yaliyokuwa yanaletwa kantini ya chuo hiki."

Mahona akakiweka kikombe chini. Pole pole, kama kina yai ndani. Ningecheka, Mungu ananiona, lakini nilikuwa namtazama Deo. Alivaa kofia yake, akageuka, akaenda. Chumba tukapewa siku hiyo hiyo, na mashine mpya ya kutikisa tukaahidiwa. Kantini wakamwambia Deo asilete tone mpaka maziwa yapimwe kwetu. Mpaka jioni mji mzima ulikuwa unajua, na kila aliyepata tumbo la kuhara tangu Pasaka alisema ni maziwa ya Deo.

Na nyie mkaanza. Kwandu amemuua ndugu yake. Kwandu kisomo kimempanda kichwani. Jirani yangu, ambaye mtoto wake alikuwa anakunywa maziwa yale yale, akaniambia damu nzito kuliko maji, mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Nikamuuliza, yamalizwe nyumbani wakati yameuzwa sokoni? Akaniona mimi ndiye mkorofi.

Siku chache baadaye tukasikia ng'ombe analia nje ya maabara. Deo alikuwa amemleta yule mweusi kwa miguu, amemfunga kwenye nondo za dirisha letu. Wanafunzi wamejaa. Hakutusalimu.

"Mahari yako hiyo," akamwambia Kwandu. "Chukua. Sina dada."

Mimi mtu wa samaki, lakini hata mimi najua ng'ombe wa mahari harudishwi hivi hivi. Anarudishwa ndoa ikivunjika. Yeye alikuwa anavunja kuzaliwa kwao. Nilimfuata mpaka getini nikimtukana, na matusi niliyomtukana ni ya Lamadi, hayaandikiki. Hakugeuka.

Niliporudi, Kwandu alikuwa amechuchumaa chini ya yule ng'ombe, anamkamua kwenye bika ya kioo. Hakulia. Akachovya kikaratasi kwenye yale maziwa, akakiweka kwenye kisahani, akampanda Mnyoaji. Kesho yake kisahani kilikuwa wazi chote, mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Hakuna jicho. Dawa ilikuwa imekwisha kabisa.

Akamkamua tena, akajaza galoni lile lile la Deo, alikuwa ameliosha. Akanipa. "Mpelekee somo wangu. Mwambie Deo nimeyapima mwenyewe. Sasa yananyweka."

Nilikataa. Nilimwambia mtu aliyekuambia hana dada unampelekea maziwa, una akili? Akasema mtoto hajasema neno hilo. Basi nikapanda bodaboda nikaenda.

Jenipha alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, macho mekundu, akasema "Wabeja, mayu," yaani asante, mama. Yule mtoto akatoka ndani na kikombe chake cha bati, amekinyoosha tayari. Nikasema nilichotumwa, neno kwa neno. Deo akatoka nyuma ya nyumba. Akachukua galoni mikononi mwa mkewe, akafungua kifuniko, akaliinamisha. Akamwaga. Yote, mpaka tone la mwisho, pale pale kizingitini, maziwa yakapita kwenye miguu ya mtoto aliyeshika kikombe. Halafu akanirudishia galoni tupu.

Sikumtukana. Mimi! Nilikosa tusi.

Njia nzima nilikuwa natafuta uongo wa kumwambia Kwandu. Nimefika, anatikisa chupa ya Mnyoaji kwa mkono, mashine yenyewe bado ni ahadi. Akaniuliza, "Amekunywa?"

"Deo ameyamwaga."

Aliendelea kutikisa. "Mbele ya mtoto?"

"Mbele ya mtoto."

Akaiweka chupa mezani. Akalichukua lile galoni tupu, akalitazama ndani kama kuna kitu kimebaki.

"Kumbe yanamwagika," akasema.

Halafu akaenda kulisuuza, maana nje ng'ombe alikuwa ameanza kulia, anataka kukamuliwa.